Juu ya Maneno ya Kiingereza Yasifuyo Uzuri, na Jinsi Yafasiriwavyo

Mwalimu wa Kiingereza katika shule zetu huulizwa mara kwa mara tofauti ya "beautiful", "handsome", "pretty" na "fair", na mara nyingi jibu lake ni moja tu: yote maana yake ni "-zuri". Orodha za maneno zibandikwazo ukutani nazo hunena vivyo hivyo. Jibu hili si uongo, lakini ni pungufu. Na upungufu wake huonekana siku ile mwanafunzi aandikapo kwamba baba yake ni "pretty", darasa likacheka, wala mwalimu asiweze kueleza kicheko kimetoka wapi. Tena katika maneno hayo limo moja, nalo ni "fair", ambalo likifundishwa ovyo halichekeshi, bali hudhuru. Kwa hiyo twataka kuyapima maneno haya moja moja: yametoka wapi, yamebeba nini, na Kiswahili kina nini cha kuyapokea.

Kazi hii ina mahali pake hapa petu. Katika vilima vya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, Julius Nyerere alifundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko mpaka 1955, alipoacha ualimu kwa ajili ya siasa. Mwalimu huyo ndiye aliyefasiri baadaye michezo miwili ya Shakespeare: Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963, na The Merchant of Venice, aliyoiita Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Mchezo huu wa pili tutaurudia, maana ndani yake neno "fair" lasimama katikati ya shauri zima.

Tuanze na maneno ya mkono na ya akili. Neno "handsome" limeundwa kwa "hand", yaani mkono, na kiishio "-some". Hapo kwanza, katika karne ya 15, halikuhusu uso wa mtu hata kidogo. Kitu kilichoitwa hivyo kilikuwa kitu kishikikacho vema, chenye kufaa mkononi, kama jembe lenye mpini mwema. Kisha likawa neno la kitu kinachofaa au kustahili, na mwisho likamfikia mtu mwenye umbo la kupendeza. Siku hizi Waingereza huwasifia wanaume zaidi, lakini hiyo ni desturi, si asili ya neno. Jane Austen, katika riwaya yake Emma iliyotoka mwishoni mwa 1815, alipotaka kumweleza msichana ambaye kitabu chaitwa kwa jina lake, neno la sifa alilolitanguliza ni "handsome". Basi mwalimu asiwaambie wanafunzi kwamba kumwita mwanamke hivyo ni kosa. Awaambie kwamba ni sifa ya mwanamke mwenye umbo la heshima, mwenye kusimama imara.

Neno "pretty" lina habari ya ajabu zaidi. Kwa Kiingereza cha kale liliandikwa "prættig", na maana yake ilikuwa mwenye hila, mjanja. Kutoka ujanja likaingia katika ustadi, kutoka ustadi likawa sifa ya kitu kilichotengenezwa vizuri, na kutoka hapo likawa sifa ya kitu au mtu apendezaye, hasa aliye mdogo au mwororo. Ndiyo sababu halimfai baba wa mwanafunzi wetu: lina udogo ndani yake. Neno "cute" nalo ni kipande cha "acute", litokalo katika Kilatini kwa neno la kitu kikali kilichochongoka. Lilipokatwa, katika karne ya 18, lilikuwa na maana ya mtu mwenye akili kali, na baadaye tu, huko Marekani, likawa sifa ya mtoto au msichana wa kupendeza. Wanaoshangaa jambo hili na wawasikilize vijana wa Dar es Salaam, ambao huitumia sifa ya "mkali" kwa mtu awashindaye wengine kwa kuimba, kwa kucheza, au kwa kuvaa. Njia ni ile ile, ya kutoka makali kwenda katika sifa. Wala tusilisahau neno "nice", lipendwalo mno na wanafunzi. Kwa Kilatini lilikuwa "nescius", yaani asiyejua. Na Waingereza walipolipokea kutoka Kifaransa lilikuwa na maana ya mpumbavu. Ilichukua miaka mia kadhaa kugeuka tusi hilo kuwa sifa.

Kundi la pili ni maneno ya uganga. "Charming" latoka "charm", nalo latoka Kilatini "carmen", yaani wimbo, au maneno yaimbwayo ili kumroga mtu. Mpaka leo Mwingereza huiita hirizi "charm". "Fascinating" latoka neno la Kilatini la kuroga, hasa kwa jicho. "Glamour" lapita yote kwa ajabu, maana si neno jingine ila "grammar", yaani sarufi, lililopindwa na Waskoti. Zamani watu wasiojua kusoma walidhani kwamba wenye elimu ya vitabu ndio wenye elimu ya uchawi, kwa hiyo jina la sarufi likawa jina la kiinimacho, yaani nguvu ya kuyafanya macho yaone kisichokuwapo. Walter Scott alilieneza neno hili kwa shairi lake refu la The Lay of the Last Minstrel la mwaka 1805, na katika karne hiyo hiyo likaanza kutumika kwa uzuri unaong'aa na kuwapumbaza watazamaji. Mwalimu wa sarufi ambaye wanafunzi wake wasinzia aweza kuwasimulia habari hii; huenda wakaamka.

Kutokana na hayo twapata fundisho la kwanza. Waingereza wamekuwa Wakristo kwa karne nyingi, nao huwasifu wachumba wao kwa maneno yaliyotoka katika uganga, bila kukusudia uganga wo wote. Kwa hiyo si vema mwalimu kulikataa neno kwa sababu ya asili yake tu, kama wafanyavyo wengine wakiona neno la Kiswahili lenye harufu ya mila ya kale. Asili ya neno hutuambia lilikotoka. Haituambii lilipo leo. Lakini vilevile asili hutuonyesha watu wale walikuwa wakiuona uzuri wapi: katika mkono ulio hodari, katika akili, katika nguvu isiyoonekana. Hayo ndiyo yapotezwayo na orodha inayoandika "-zuri" mara nne mfululizo.

Hapa yatupasa kuwajibu wale wasemao kwamba Kiswahili ni maskini wa maneno ya sifa, na kwamba fundi hawezi kujenga pasipo mawe. Ni kweli kwamba maneno ya sifa ya asili katika Kiswahili ni machache, lakini utajiri wake umewekwa penginepo, katika vitendo na majina. Kutoka "penda" twapata "pendeza", yaani kumtia mwingine hali ya kupenda, na hapo tunalo neno la kulingana na "lovely". Kutoka "vuta" twapata "-a kuvutia". Na Kilatini kilichozaa "attractive" chatumia kitendo hicho hicho cha kuvuta. Kutoka "remba" twapata "-rembo" na "urembo", yaani uzuri uliotiwa kwa mkono, kwa kusuka, kwa wanja na kwa vazi. Kutoka "umba" twapata "umbo". Katika vilima vya Pugu umo udongo mweupe mwingi ufaao kwa vyombo. Lakini udongo ule haukai kuwa chombo mpaka mtu auumbe, na neno letu lakumbuka kazi ile kila tumtajapo mtu mwenye umbo zuri. Na kutoka Kiarabu tumepata "haiba", ambalo kwa asili yake lilikuwa hofu ya heshima ampatayo mtu mbele ya mkubwa, na kwa Kiswahili limekuwa uzuri wa mtu ambao si wa uso tu, bali wa mwenendo na utulivu wake. Kwa "charming" sidhani liko neno jema kuliko kusema "mwenye haiba", wala halina harufu ya hirizi.

Kundi la tatu ni la wema, na hapa Kiswahili hukipita Kiingereza kwa utaratibu. "Beautiful" latoka "beauty", lililoletwa na Kifaransa kutoka Kilatini "bellus". Na "bellus" ni neno dogo lililozaliwa na "bonus", yaani -ema. Basi katika shina lake uzuri ni mtoto wa wema. Kiebrania nacho hutumia neno la wema kwa sura ipendezayo. Kiswahili kimeyatenga haya mawili: "mtu mwema" na "mtu mzuri" si sifa moja, na msikiaji hajui moja akiambiwa jingine. Utengano huu ni faida kwa mhubiri na kwa mwalimu, wala haifai kuuharibu kwa kuandika "-ema" mahali pa "-zuri" ili maneno yasirudiwe.

Sasa tutazame jinsi wafasiri wakubwa walivyoteleza. Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 29, uzuri wa Raheli umeelezwa kwa Kiebrania kwa sifa mbili, moja ya umbo na moja ya sura. Katika sura ya 39 uzuri wa Yusufu, mwana wake, umeelezwa kwa sifa zile zile mbili, zikibadilika tu kwa kufuata mwanamume. Asomaye Kiebrania huona mara moja kwamba mtoto amefanana na mama. Lakini wafasiri wa Kiingereza wa 1611 walimwita Raheli "beautiful", na Yusufu wakamwita "goodly". Sifa ya pili waliiacha sawa kwa wote wawili, ila ile ya kwanza waliigawanya, kwa sababu desturi ya lugha yao ilikwisha kuanza kuwatenga wanaume na wanawake katika uzuri. Kiswahili hakina haja ya kugawanya hivyo: Raheli alikuwa mzuri wa umbo na sura, na Yusufu vivyo hivyo. Mwalimu akiwa na kisa hiki hatahitaji kingine cha kuwaonyesha wanafunzi kwamba tofauti ya "beautiful" na "handsome" ni ya desturi ya Waingereza, si ya maumbile ya watu.

Sasa twafika kwa "fair", nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Kwa Kiingereza cha kale liliandikwa "fæger", na maana yake ilikuwa -a kupendeza, basi, rangi haikutajwa. Tangu yapata mwaka 1200 lilianza kutumika kwa ngozi na nywele zisizo nyeusi, na katika karne ya 14 likachukua na maana ya haki isiyo na upendeleo. Hivyo neno moja limekusanya mambo matatu: uzuri, weupe na haki. Mtoto wa Kiingereza alinyonya mambo hayo matatu pamoja na maziwa, bila kujua kwamba hayakuzaliwa siku moja. Lakini mtoto wetu huyapokea darasani, na akiyapokea bila maelezo, hujifunza jambo ambalo mwalimu hakukusudia kulifundisha: kwamba aliye mzuri ni mweupe, na aliye mweupe ndiye mwenye haki.

Mfano wa karibu ni Esta. Biblia ya Kiingereza ya 1611, katika sura ya 2 ya kitabu chake, yamsifu kwa maneno mawili, "fair" na "beautiful". Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "fair" ni mweupe atamwona Esta mweupe. Lakini Kiebrania chataja uzuri wa umbo na wema wa sura tu, rangi haimo. Wafasiri wale hawakukosa, maana kwao maana ya kwanza ya neno ilikuwa ingali hai. Akosaye ni mwalimu wa leo alifasiriye neno la 1611 kwa maana ya sasa.

Shakespeare aliijua hatari hii, akaicheza. Katika The Merchant of Venice, uliochapwa mwaka 1600, mtawala wa Morocco aja kumposa Portia, na neno lake la kwanza ni kuomba asichukiwe kwa ajili ya rangi ya ngozi yake. Portia amjibu kwa adabu kwamba yeye ni "fair" sawa na wachumba wengine wote waliokuja. Sikio moja lasikia kwamba ana nafasi ya haki. Sikio la pili lasikia kwamba ni mzuri. La tatu lasikia dhihaka, maana ametoka kuisema rangi yake mwenyewe. Baadaye mtawala huyo achagua kasha la dhahabu, afungua, akuta fuvu. Wahenga wetu walikwisha kuisema habari hiyo: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hata hivyo Portia, mgeni akiisha kutoka, atamani kwamba wote wenye rangi kama yake wachague vivyo hivyo. Hapo twajua kwamba adabu ya kwanza ilikuwa ganda tu. Mfasiri wa Kiswahili afikapo penye neno lile hapati neno moja la kubeba yote matatu. Hana budi kuchagua uzuri, au haki, au nafasi sawa, na kila achaguapo moja huyaacha mawili. Wengine wataona huo ni upungufu wa Kiswahili. Sisi twaona ni unyofu wake: Kiswahili humlazimisha msemaji aseme akusudialo.

Walakini tusijisifu kupita kiasi, maana Kiswahili nacho chasema "moyo mweupe" kwa moyo usio na hila, na wafasiri wetu wamewahi kufuata njia za wengine. Katika Wimbo Ulio Bora, sura ya 1, msichana asema habari ya weusi wake na uzuri wake. Kiebrania chaunga mambo hayo mawili kwa herufi moja iwezayo kuwa "na", tena yaweza kuwa "lakini". Fasiri ya kale ya Kiyunani iliandika "na". Ya Kilatini ikaandika "lakini". Kiingereza cha 1611 kikafuata "lakini", na Biblia yetu ya Muungano ya 1952 vivyo hivyo. Fasiri moja ya Kiingereza ya 1989, itumiwayo sana na wataalamu, imerudi kwenye "na". Wateteao "lakini" wana hoja, kwani mstari ufuatao waonyesha msichana akiwaambia wenzake wasimkazie macho, maana jua limemchoma. Hata hivyo neno lile dogo si la Kiebrania pekee. Ni hukumu ya mfasiri pia, na mwalimu afundishaye sura hiyo na awaambie wanafunzi hivyo.

Mtu atasema, haya ni mambo ya wasomi, yamdhuruje msichana wa Pugu au Temeke? Na atembee madukani. Watu wa pwani walikuwa na maneno mengi ya rangi ya watu yasiyomwinua wala kumshusha mtu: mweusi tii, maji ya kunde, mweupe. "Maji ya kunde" ni jina la upole, lililotoka jikoni, katika sufuria ya kunde zilizochemshwa. Lakini pamoja na hayo sasa liko neno "mkorogo", yaani dawa zilizochanganywa za kuichubua ngozi iwe nyeupe. Nyingine zina zebaki, ambayo huharibu figo, na nyingine haidrokwinoni. Vyote viwili vimepigwa marufuku nchini katika vipodozi, na bado watu huvitafuta. Hatusemi kwamba neno la Kiingereza ndilo lililoleta mkorogo. Sababu zake ni nyingi, na nyingine ni za kwetu wenyewe. Lakini maneno husaidia biashara. Huko India ilianza kuuzwa mwaka 1975 krimu iliyoitwa Fair & Lovely, yaani maneno mawili ya orodha yetu yameunganishwa pamoja ili kufundisha kwamba la kwanza huleta la pili. Mwaka 2020 wenye krimu hiyo waliliondoa neno "Fair" katika jina lake wakaweka "Glow", baada ya watu wengi kulalamika. Kama neno halina uzito, kwa nini liliondolewa?

Kinyume cha hayo, na tutazame Wazaramo, wenyeji wa nchi hii ya Pugu. Katika desturi yao mwali aliyewekwa ndani alipewa kinyago kidogo cha mti kiitwacho mwana hiti, akakitunza kama mtoto. Kinyago kile hakina mikono wala miguu, na uso wake umechongwa kwa kifupi tu. Lakini nywele zake zimeinuliwa vizuri kichwani, na matiti yake yameonyeshwa. Fundi aliweka ustadi wake mahali ambapo watu wake waliona pana maana: katika kusukwa na kutunzwa, na katika kuwa mama. Hatusemi kwamba huo ndio uzuri wote. Twasema tu kwamba kila watu huweka sifa mahali wanapoheshimu, iwe kwa neno au kwa mti, na mgeni hana budi kuuliza kabla ya kufasiri.

Basi shauri letu kwa walimu ni hili. Orodha ya ukutani na ibadilishwe. Mahali pa "handsome" paandikwe "wa umbo zuri", na kwa fedha au zawadi, "kubwa, ya ukarimu". Mahali pa "pretty", "-a kupendeza", na ielezwe kwamba ni sifa ya kitu kidogo au kilaini. "Mrembo" atumiwe panapo urembo wa kujipamba, si kwa kila uso mzuri. "Charming" na awe "mwenye haiba". "Attractive", "wa kuvutia". "Beautiful", "-zuri", kwa mwanamume na kwa mwanamke. Ama "fair" lisiwe na fasiri moja kabisa. Mwalimu na aligawanye mbele ya wanafunzi wake katika safu tatu: "-zuri", "-eupe", "-a haki", na chini ya kila safu aandike sentensi yake mwenyewe. Kisha awaulize ni nani aliyesema kwamba safu hizo ni moja. Wakijibu kwamba hakuna ila desturi ya watu fulani wa zamani fulani, atakuwa amewafundisha Kiingereza zaidi ya orodha yo yote, na msichana wa maji ya kunde aketiye dawati la nyuma atakwenda nyumbani akijua kwamba kamusi haikumhukumu.